Zamu ya Kuogopa

Walisema walikutwa wamekaa. Wote watano, wamelizunguka jiko, vikombe vya chai mikononi, nyuso zimetulia kama za watu wanaosikiliza mahubiri. Mlango haukuwa umekomewa. Dirisha lilikuwa la kusukuma kwa kidole tu. Na aliyekaa karibu na dirisha, walisema, alikuwa amemtumia dada yake ujumbe kwenye simu: "Vichwa vinatuuma wote humu, nadhani ni mkaa. Mvua ikikatika nitafungua."

Kama ni kweli au ni uzushi, sijui mpaka leo. Mimi niliambiwa na muuza ndizi wa sokoni, yeye aliambiwa na dereva wa lori, na dereva aliikuta habari hiyo ng'ambo ya mto, ambako sina ndugu wa kumuuliza. Muuza ndizi alinisimulia huku akipangusa utomvu kwenye kisu chake.

"Masikini, pole yao," alimaliza. "Unachukua mkungu mzima au nusu?"

Waliokuwa nyuma yangu nao wakasema pole yao. Mmoja akasema mvua za mwaka huu zimezidi. Hakuna aliyeshika kifua, hakuna aliyeuliza kama kulikuwa na watoto.

Mimi niliondoka bila ndizi. Nilitembea haraka mpaka kandambili moja ikanichomoka na sikurudi kuiokota. Nilikuwa kwenye zamu.

*

Nilianzia nyumba ya kwanza, kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ambokile. Filimbi ya zamu ilikuwa shingoni mwangu. Nilimkuta barazani kwenye kiti chake, na mjukuu wake, mtoto ambaye hata kutembea bado anayumba, amekaa sakafuni anachezea kisu cha kumenyea viazi.

"Balozi! Mtoto ana kisu!"

"Nimekiona, Mama Tusekile," alinijibu kwa sauti nzuri kabisa. "Nilikuwa nasema nikinyanyuka kwenda kunywa maji nitamnyang'anya."

Nilimpokonya mtoto kile kisu. Mzee Ambokile akanishukuru kwa moyo wake wote. "Ndaga sana, mama. Ndiyo maana tukaweka zamu."

Alikuwa mtu mwema, tena amesoma kuliko sisi wote wa pale Kibaoni. Lakini juu kidogo ya kiwiko, chini ya ngozi, alikuwa na punje, kama watu wazima wote wa mtaa. Ni kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kinasikiliza mapigo ya moyo, kinaonja jasho. Moyo ukianza kwenda mbio kwa wasiwasi, kinadondosha dawa kwenye damu, na kabla hujajua kilichokushtua umeshatulia. Zamani dawa hizi zilikuwa vidonge, daktari anakuandikia unameza na maji, vikiisha unarudi kumwona. Punje humezi. Unaisahau, na yenyewe haikusahau.

Ililetwa kwa wagonjwa kwanza. Kisha wakaitaka wanaosubiri majibu ya mitihani, kisha wafiwa, kisha madereva. Mwisho ikawa hata ukigombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba, watu wanakwambia kaweke punje.

Hatukuwa wajinga. Tuliona mapema kwamba mtu aliyetulia sana anaacha kisima wazi. Ndipo zikaundwa zamu. Katika kila nyumba kumi, mtu mzima mmoja anashushiwa punje yake, anavaa filimbi, anaogopa kwa niaba ya wenzake mwezi mzima. Akipuliza, watu wanakimbia kwanza, maswali baadaye. Mwezi ukiisha anapokea mwingine, kama tunavyopokezana upatu.

Siku ile nilipita nyumba zote kumi nikiwasimulia ya ng'ambo ya mto. Msiingize jiko ndani, niliwaambia. Mkiingiza, fungueni dirisha. Wote walinikubalia. "Tumesikia, Mama Tusekile." "Maneno ya maana hayo." Hakuna aliyebisha, na hilo lilinichosha kuliko ningebishiwa.

*

Alhamisi ndiyo siku ya Nesi Ikupa kuja mtaani na mashine yake ya kusomea punje, iliyofanana na pasi ndogo ya nguo. Alhamisi iliyofuata zamu yangu ilikuwa inakwisha, na wa kupokea filimbi alikuwa mwanangu mwenyewe, Tusekile.

Tulikuwa nyumbani kwake, mlango wa pili kutoka kwangu. Mumewe, Ipyana, anafanya kazi mpakani na huja mwisho wa mwezi. Mtoto wao Bupe alikuwa mgongoni mwa mama yake, ndiyo kwanza ameanza kukaa.

Nesi alinigusa mkono na mashine, akasoma, akatikisa kichwa. "Presha iko juu sana, mama. Mwezi mwingine wa hofu moyo huu hauwezi. Nakupandishia leo leo."

"Sasa mwanangu je? Huyu umwache. Nitaendelea mimi."

"Mama," Tusekile akasema.

"Wewe nyamaza. Nesi, huyu unamjua. Unajua alivyokuwa."

Nesi alimjua. Kabla ya punje, Tusekile aliacha chuo cha ualimu kwa sababu hakuweza kuvuka lango lake. Moyo ulimpiga mpaka ukauona kwenye blauzi. Alikaa nyuma ya mlango na begi limefungwa, ukimuuliza unakwenda wapi anakwambia sijui, lakini kuna kitu kinakuja. Tulimwombea, tulimsema, tulimnywesha kila mti. Kilichomrudisha duniani ni ile dawa. Siku ya tatu alitoka nje, akakaa juani, akacheka kwa sababu kuku alikuwa amepanda juu ya mbuzi. Mimi niliingia ndani nikalia. Kwa hiyo mtu akiniambia dawa hizi zote ni sumu, nami namwambia hujawahi kuwa na mtoto kama wangu.

"Nimekuwa nikimshusha kidogo kidogo tangu mwezi uliopita," Nesi alisema. "Mwili ukiizoea dawa, unasahau kujituliza wenyewe. Ukiikata kwa siku moja mtu anatetemeka, anaona visivyokuwepo, anaweza hata kuanguka akakakamaa. Kushuka ni ngazi kwa ngazi. Kupanda ndiko kwa haraka, nagusa tu na mashine. Na sheria ya zamu mnaijua, asiyeshika zamu anatolewa punje."

"Kwa mgonjwa pia?"

"Sheria haikuandika mgonjwa, mama. Ilipoandikwa, wote tulikuwa tumetulia."

Tusekile alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi, kimelowa. "Mama, acha. Tangu nimzae Bupe sijawahi kushtuka usiku. Akilia, nasikia, naamka, nampa ziwa, nalala. Kama mashine. Nataka nimwogopee mwanangu mwenyewe, hata kwa mwezi mmoja."

Nilivua filimbi nikamvisha. Kisha Nesi akaniwekea pasi yake mkononi, na baada ya muda mfupi ilikuwa kama mtu amezima redio iliyokuwa ikikwaruza chumba cha pili. Nikamtazama mwanangu anavyotetemeka, nikaona anatetemeka, basi, nikasema, "Haya, tukapike."

*

Hakuweza. Kufikia Jumatatu alikuwa amepuliza filimbi kwa ajili ya kunguru, kwa ajili ya gari lililopunguza mwendo, kwa ajili ya Bupe kupiga chafya. Nyumba kumi zilikimbia kila mara, zikarudi kila mara, bila hasira. Ugali ulikuwa haumpiti kooni. Alikaa ameweka sikio kwenye pua ya mtoto, kucha amezitafuna mpaka damu.

Jirani yetu Mama Lusajo ndiye aliyekuja na wazo. Ni mwanamke mnene, mcheshi, hana choyo hata kidogo.

"Wewe Tusekile, hata kuku akikohoa unataka tuite kikao! Utatumaliza kwa mbio, mwenzio mapaja haya si ya kukimbiza." Akacheka, akamkalisha karibu yake. "Lete hiyo filimbi, mwanangu. Mimi zamu yangu ni mwezi wa mbele. Nakushikia huu, wewe utanishikia mwingine. Upatu si ndivyo tunavyofanya?"

Alimvua filimbi akaivaa yeye. Tukaenda kwa balozi, naye akasema ni jambo jema, majirani ndiyo kusaidiana. Nesi akija Alhamisi atampandishia Tusekile punje na mambo yatakuwa sawa.

Soma hapo tena polepole, kwa maana sisi tulipita hapo bila kusimama. Punje ya Mama Lusajo ilikuwa imejaa. Kushushwa kwake kungechukua mwezi, na hata hakujaanza. Tulihamisha filimbi tukaona tumehamisha hofu. Balozi hakuuliza, Mama Lusajo hakuuliza, mimi sikuuliza, kwa sababu swali kama lile huulizwa na mtu mwenye wasiwasi. Mwenye wasiwasi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa analia kwa shukrani.

*

Jumatano mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mawingu yalikuwa yamekaa wiki nzima, umeme wa jua ukawa wa kuchajia simu tu, hita zimezimika mtaa wote. Baridi ya Rungwe unaijua kama umeishi huku, inaingia kwenye mifupa na kukaa. Tulikuwa nyumbani kwa Tusekile, chumba cha nyuma, mimi, yeye na Mama Lusajo, tunapukuchua maharage. Bupe alikuwa kitandani amefunikwa. Mama Lusajo alikwenda jikoni akarudi na jiko la mkaa, limewaka vizuri, jekundu. Akaliweka katikati, akasukuma mlango kwa kisigino ili mvua isirushe maji ndani.

"Mama, tusilete jiko huku," Tusekile akasema.

"Tukigandishwa ndiyo utafurahi?" Mama Lusajo akamtania.

Tukapukuchua. Kulikuwa na joto tamu. Tukaongea habari za harusi ya mtoto wa balozi.

"Kichwa kinanigonga," Mama Lusajo akasema baadaye.

"Hata mimi," nilisema. "Ni hii mvua."

"Mama, ni jiko. Tulitoe. Tafadhali tulitoe."

Mama Lusajo aliinua filimbi kwa kidole, akaichezesha mbele ya uso wake kama unavyomchezea mtoto. "Zamu ya nani hii? Mwenye filimbi kapuliza? Tulia basi, mwanangu. Wewe kesho unapandishiwa, uupumzishe na huo moyo wako."

Tusekile akakaa. Nimelifikiria sana hilo la yeye kukaa. Tangu msichana ameambiwa hofu yake ni uongo. Mimi nilimwambia, walimu walimwambia, na dawa ilimwonyesha, kwani kila ilipomtuliza alikuta hakukuwa na kitu. Angeiaminije siku hiyo moja iliposema kweli?

Na mimi nilikumbuka. Usidhani nilisahau. Wale watano wa ng'ambo ya mto walinijia akilini mmoja mmoja, vikombe vyao na dirisha lao, hata kandambili yangu iliyobaki sokoni. Nikasema kwa sauti, "Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa wale wa ng'ambo."

"Kabisa," Mama Lusajo akasema, akachukua ganda jingine.

Nikatazama dirisha. Nikawaza, nikimaliza ungo huu nitafungua.

Nilijua kila kitu. Naapa nilijua. Lakini kujua hakuna miguu. Kinachomnyanyua mtu kwenye kigoda ni ule mshtuko wa tumboni, na mshtuko wangu ulikuwa umepigwa dawa kabla haujafika magotini.

Aliyeniokoa hakujua zaidi yangu. Tusekile alikwenda kitandani kumtazama mtoto, kama alivyomtazama mara mia siku zile, na saa ya kunyonya ilikuwa imepita bila Bupe kulia. Alimnyanyua na shingo ya mtoto ikalala nyuma.

Sauti aliyoitoa siwezi kuiandika. Alipita juu ya ungo, maharage yakatawanyika, akatoka na mtoto kwenye mvua. Sisi tukatazamana.

"Masikini, leo imempata vibaya," Mama Lusajo akasema, ulimi unamlemea.

Mwanangu akarudi. Alinishika chini ya kwapa akanivuta. Nilimwambia, nakumbuka vizuri, "Tusekile, unanichafulia kitenge." Miguu ilikuwa haina nguvu, na nilicheka kwa sababu ilikuwa haina nguvu. Akanitupa kwenye matope karibu na mtoto, akapiga kelele za kuita watu. Alipiga mpaka sauti ikapasuka.

Walimsikia. Balozi mwenyewe aliniambia baadaye kwamba walimsikia vizuri sana, mvua na yote. Walikuwa wanasubiri filimbi.

Basi akaingia tena. Nilimwona akipotea mlangoni, mwembamba, amelowa, mtu ambaye hakuweza kuvuka lango la chuo. Mama Lusajo alikuwa ameshalala kifudifudi na ni mzito, Tusekile hakuweza kumsogeza hata hatua. Akakata kwa meno kamba ya filimbi shingoni mwa Mama Lusajo, akatoka na filimbi, akapuliza.

Nyumba kumi zikafunguka kwa pamoja.

*

Bupe alikohoa akiwa mikononi mwa balozi, kisha akalia, na kila alipolia mama yake alilia zaidi. Leo anakimbia na kuvunja vikombe vyangu. Mimi nilikaa hospitali siku chache. Mama Lusajo alikaa ndani muda mrefu kuliko sisi, akakaa na hospitali muda mrefu kuliko sisi. Alirudi mkono wa kushoto haushiki kitu, na maneno mengine yamempotea. Ukimletea chumvi anaiita mchanga, anajua amekosea, anacheka na machozi yanatoka.

Hospitalini waliamua kunishusha punje taratibu, wapate kuusoma moyo wangu. Wiki zote za mwanzo niliisimulia habari hii kama kichekesho, kitenge na matope na yote. Wageni wakacheka. Kisha siku moja nilikuwa kwenye karai nafua nguo za Bupe, nikashika gauni lake dogo, na ikanifikia. Jumatano ile yote, pamoja na jiko lake, ikanifikia mchana wa jua kali. Nilikaa kwenye maji ya sabuni nikapiga mayowe. Hofu ile ilikuwa ikinitafuta muda wote huo, na ilinikuta kila mtu amekwisha salimika.

*

Balozi akaita kikao cha nyumba kumi. Nesi Ikupa alikuwepo na mashine yake, maana ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa bado sijashuka mpaka chini, lakini nilishaanza kuwa mtu.

"Ndugu zangu," Mzee Ambokile alisema, "Mungu ametuonyesha. Sisi tukishushwa tunaogopa kidogo kidogo, tena kwa kuchelewa. Hofu ya Tusekile ni kali. Ndiyo tuliyokuwa tunaihitaji. Mimi naona tumpe zamu ya kudumu. Shamba lake tutalima sisi. Kuni, maji, chakula, hatakosa. Mtoto wake tutamlea wote."

Watu wakaitikia kwa upole. Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwa mtu. Walikuwa wanampa heshima.

"Mwenyewe anasemaje?" akauliza Nesi.

Tusekile alikuwa amesimama karibu na mlango, Bupe mgongoni. Hakuwa amepandishiwa punje tangu Jumatano ile, alikataa mpaka kikao kiishe. Macho yalikuwa yameingia ndani. "Kama watoto wa hapa watakuwa salama," alisema, "nitabaki hivi."

Wote wakanigeukia mimi, mama yake.

Nataka nikwambie kwa uaminifu nilichokiwaza. Niliwaza mjukuu wa balozi na kisu chake. Niliwaza mvua zijazo na majiko kumi. Nikimtoa mwanangu, na mtoto wa mtu akafa, nitamtazamaje mama yake? Nikimwacha, mwanangu atakuwa kibatari cha mtaa, anaungua mchana na usiku ili wengine waone njia, na wao watamletea kuni na kumshukuru mpaka aishe. Wote wawili walikuwa watoto, wa kwangu na wa mwenzangu. Nilitafuta mizani sikuipata.

Mama Lusajo ndiye aliyenisaidia. Alikuwa kwenye mkeka, anajipapasa shingo kwa ule mkono mzima. "Nilikuwa nayo," akasema polepole, akiyatafuta maneno. "Ilikuwa hapa. Mimi ndiye nilikuwa nayo."

Nikasimama. "Nesi, mpandishie huyu sasa hivi, hapa hapa. Yeye ni mgonjwa na dawa ni yake. Ilitengenezwa kwa ajili yake. Sisi wengine tulikuwa na wasiwasi tu, wa ada na wa mvua na wa watoto, tukaona uzito kuubeba."

"Mama Tusekile, na zamu je?" balozi akauliza.

"Kila nyumba ibaki na mtu wake mmoja aliyeshushwa. Asiwe wa kuazima. Kwangu nimebaki mimi, kwa nyumba yangu na ya mwanangu. Nesi, nishushe mpaka chini na usinipandishe tena."

"Na moyo, mama?"

"Utakwenda mbio. Ndiyo kazi yake."

Tusekile alitaka kusema kitu. Nilimshika mkono mimi mwenyewe nikaupeleka kwenye mashine. "Umeshamwogopea mwanao," nilimwambia. "Umemwogopea hata ukatosha. Sasa nipe mimi."

Nilimwona anatulia. Mabega yalishuka, uso ukafunguka, akawa tena yule aliyecheka kwa ajili ya kuku na mbuzi. Akanitazama kwa upendo mzuri, wa mbali kidogo. Nikatabasamu, na tumboni nikasikia ule uzito wote ukihamia kwangu, safari hii kweli.

"Nyumba nyingine?" balozi akauliza. "Nani yuko tayari?"

Walibaki wamekaa. Hawakuwa wakaidi. Hawakuona tu sababu ya haraka. Mmoja akasema litafikiriwa. Kisha kwenye mkeka ukainuka mkono mmoja, ule wa Mama Lusajo unaofanya kazi, ukabaki juu mpaka Nesi alipokwenda kuushika.

Hizo ni nyumba tatu. Saba bado, na masika yanakuja. Ndiyo maana nimeandika. Kama hukusoma yote haya, soma hapa chini.

Mambo ya kuepuka:

Usiweke punje kwa sababu jirani ameweka. Mwone daktari, umwambie kinachokusumbua.

Usimpe mwenzako dawa ya kutuliza uliyoandikiwa wewe, na yake usiichukue.

Usinywe pombe dawa hiyo ikiwa mwilini.

Usiikate kwa siku moja, hata ukiichukia namna gani. Kushuka ni ngazi kwa ngazi, na nesi awepo.

Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kukiwa na baridi ya kuua.

Kichwa kikiwauma wote kwa pamoja, usiseme ni mvua.

Usiseme nikimaliza hiki nitafungua.

Usimvishe filimbi mtu ambaye hajashushwa.

Ukisikia mtu anapiga kelele, usisubiri filimbi.

Usimnyime mgonjwa dawa kwa kuwa hofu yake inakufaa wewe.

Na mtu akitetemeka mbele yako, usimwambie tulia kabla hujamuuliza ameona nini.